Mpagazi, Punda wa Timu Yetu

Jamani, leo nimeumbuliwa na punda. Mbele ya chuo kizima.

Mnaomjua Mpagazi, punda wa timu yetu, mnajua pia kwamba mimi, mwalimu wa michezo, ndiye niliyemlea. Aliletwa chuoni Tabora kutoka Usinge akiwa mdogo, hana mama. Siku moja ngoma ya timu ikapigwa, akaingia uwanjani mwenyewe, akazunguka mara moja, tukashinda. Basi ikawa desturi. Ngoma ikilia, Mpagazi anazunguka na fulana yake ya bluu.

Mwaka jana miguu yake ilichoka. Mkuu wa chuo akataka aondolewe. Nikampa shemeji yangu, mkulima wa tumbaku hapa Usoke. Wanafunzi walilia. Nikawaapia, "Anakwenda kula nyasi na kulala." (Sikuja kumwangalia hata siku moja. Niliogopa nitakachokikuta.)

Leo tumekuja kucheza Usoke. Nikapewa kipaza sauti nisome historia ya Mpagazi, kisha nimtambulishe punda mpya. Nikasoma kwa madaha (suti nilipiga pasi mara mbili). Nikafika pale pa, "Na sasa mzee wetu anapumzika." Ngoma ikapigwa.

Akatokea barabarani. Mifupa mitupu, vidonda vya nira shingoni, anaburuta mkokoteni wa tumbaku. Akaingia uwanjani nao hivyo hivyo, akaanza kuzunguka. Shemeji yuko nyuma na fimbo, tumbaku inamwagika. Watu wa Usoke walicheka mpaka wakakaa chini. Wanafunzi wangu hawakucheka.

Alipomaliza mzunguko akaja kwangu, akaninusa mfuko wa koti. Zamani nilikuwa namwekea kipande cha muhogo humo. Leo sikuwa nacho.

"Shemeji, nirudishie punda," nikasema. (Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Uwanja wote ulisikia sauti yangu ikikatika.)

"Mwalimu, si ulisema hana kazi? Mimi nimempa kazi. Zawadi hairudishwi."

Kapteni wetu akanisogelea. "Mwalimu, ndiko kupumzika huku?"

Nikakizima kipaza sauti. Nalo hilo likasikika.

Shemeji akamgeuza Mpagazi, wakaondoka. Mechi hata sijui tumefungwa ngapi.

Mnaotaka kucheka, nichekeni mimi. Mpagazi mwacheni, amebakiza safari mbili za tumbaku kabla jua halijazama.