Gari la Mbio Lililotoka kwenye Debe

Jumatatu, 28 Juni 1976

Magunia sitini na mawili ya viazi kabla ya saa sita. Mgongo umekataa kunyooka. Leo sijali. Nimenunua karanga Mtaa wa Msimbazi, zimefungwa kwa ukurasa wa gazeti la Ulaya. Karanga zimekwisha, nimebaki na gari! Gari la mbio la mwaka 1934. Halina paa. Halina milango. Kiti kimoja. Bomba la moshi limelala ubavuni. Dereva anaingiaje? Mvua ikinyesha? Pembeni kuna michoro mitatu na vipimo kwa futi. Nimeishia darasa la tano, lakini futi nazijua.

Nimempelekea Suud, fundi saa wa kona. Kanipa ile lenzi yake ya kubana jichoni. Spoki arobaini na nane kila gurudumu! Nimehesabu mara tatu. Suud kasema mtu anayehesabu spoki amepotea njia kubeba viazi. Kisha kaniambia jambo. Jumamosi Ndugu Shaibu, msimamizi wa karakana ya bati, anakuja kuchukua saa yake. Anatafuta mtu mmoja mwenye jicho na mkono. Nikitengeneza mfano mdogo wa gari hili, ukatimia, Suud atauweka mezani mbele yake.

Karakana! Kufanya kazi umekaa kwenye stuli!

Jumanne, 29 Juni

Mpango. Kila futi iwe inchi moja. Gari la futi kumi na tatu, inchi kumi na tatu. Bodi ni debe la mafuta, nimeliokota nyuma ya soko. Tairi zinataka mpira. Mpira sina. Ila Pantaleo, mbebaji mwenzangu tuliyepanga naye chumba, ana kandambili. Pantaleo ni Mhehe wa Iringa, mimi Mngoni wa Songea. Watani! Mtani anachukua kitu chako mchana kweupe, nawe unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Nimekata tairi nne safi.

Pantaleo karudi, kaona, katazama muda mrefu. "Babu zenu walikimbia vita kwetu hadi viatu wakaacha," kasema. "Kumbe umevifuata, Mngoni!" Kacheka sana.

Jumatano, 30 Juni

Nimefungua redio mbovu ya Pantaleo, nimetoa waya wa spoki. Pantaleo kasema haikuwa mbovu, betri tu zilikwisha. Nimesema utani. Kacheka tena. Anacheka mno yule.

Baada ya kazi nimelehemu kwa Suud. Gurudumu la kwanza lilipinda nilipolisukuma. Nikarudi kwenye picha na lenzi. Kumbe spoki hazitoki katikati zikanyooka tu, zinapishana kama miyaa ya mkeka! Nimepishanisha. Limekaa imara. Nani aligundua hili? Alikaa siku ngapi akitazama gurudumu? Alikuwa na mke?

Alhamisi, 1 Julai

Pua ya gari inataka wavu wenye matundu madogo sana. Nimezunguka soko zima. Hakuna. Kisha nikaliona chujio la Mama Severa, muuza chai. Kila asubuhi huongea Kihehe na Pantaleo. Mhehe huyo! Nimelinyakua, nikapaza sauti: "Utani, dada!" Nikaondoka mbio.

Wavu umeenea puani sawasawa, kama umezaliwa pale.

Ijumaa, 2 Julai

Balaa! Severa si Mhehe. Ni Mngoni wa Peramiho, amekulia Iringa tu. Mngoni kumchukulia Mngoni mwenzake si utani, ni wizi. Leo wateja wake wamekunywa chai na majani, wametema hadi kwenye ndizi za watu. Ameapa kumleta balozi wa nyumba kumi anikamate. Ningemrudishia chujio, lakini pua je? Nimeamua kumkwepa hadi Jumamosi ipite.

Gari nimelipaka rangi ya fedha. Limekwisha. Nimelisukuma kwa kidole kimoja, likaenda mpaka ukingo wa meza bila kuyumba. Sijawahi kutengeneza kitu kikaenda.

Jumamosi, 3 Julai

Nimeamka, gari hakuna! Pantaleo kakaa kitandani, katamka neno moja: utani. Nimecheka kwa meno yote. Sharti la kulikomboa: nibebe magunia yake na yangu hadi saa sita huku nikiwasifu Wahehe kwa sauti. Yeye atalifikisha kwa Suud, tena kwa heshima. Nifanye nini? Nimebeba. Nimesifu.

Saa tano kaja mtu mnene wa kaunda suti, kalamu mbili mfukoni. Kaniuliza kama mimi ndiye Pius mwenye gari la chujio. Balozi! Nimemwambia gari silijui, chujio silijui, na Pius kasafiri Songea. Kauliza kwa upole nani basi aliyelehemu zile spoki. Nikasema huyo ni Pantaleo, ndizo tabia zake. Kaandika jina, kaenda zake.

Nimejipongeza njia nzima.

Jumapili, 4 Julai

Hakuwa balozi. Alikuwa Shaibu.

Suud kanieleza huku kashika kichwa. Shaibu alilitazama gari kwa lenzi nusu saa. Pantaleo akamwambia kweli, kwamba fundi ni mimi, niko sokoni. Shaibu akanifuata mwenyewe, kwa miguu! Akarudi na jina la Pantaleo. Pantaleo kakataa mara tatu, na kila alipokataa Shaibu alizidi kumsifu kwa unyenyekevu. Anaanza kesho. Pantaleo, asiyejua chuma cha kulehemu kinashikwa upande gani!

Jioni kaniomba radhi, karibu alie. Gari kampa Severa amalize kesi. Wavu umelehemewa, hautoki, kwa hiyo chai sasa inachujwa kwa pua ya gari la mbio.

Nimefikiri sana. Nafasi ile ya karakana ni ya nani? Ya Pantaleo. Pantaleo ni nani wangu? Mtani! Basi kesho saa moja kamili nitakuwa nimeshaikalia stuli yake, nipaze sauti, tucheke, yaishe.

Na Shaibu hatakasirika. Nimelikumbuka vizuri lile paji lake la uso. Yule ni Mhehe tu.