Benchi la Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Benchi la bustanini limeoza. Vibao vyote vitano vya kukalia vimelika. Cha katikati kinabonyea kama mkate. Mama mwenye nyumba kasema shangazi yake anakuja Jumapili, na akija hukaa hapo mchana kutwa. Nikimaliza kabla hajafika, likizo ya kwenda nyumbani ni yangu. Nisipomaliza, anakwenda mlinzi. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Namjua kwa simu tu. Akisikia sauti yangu hulia. Nimepima benchi kwa mkono: shubiri nane. Kazi ya siku moja!

Jumanne, 4 Machi
Kwa fundi seremala. Nimemwambia anikatie mbao tano, shubiri nane kila moja.
"Shubiri za nani?" akauliza.
Nikamjibu shubiri ni shubiri, akate tu. Akapima kwa mkono wake. Mkono wenyewe mdogo kama wa mtoto wa shule. Niliona. Nikamwacha akate, jua lilikuwa kali.

Jumatano, 5 Machi
Mbao zimepelea. Mlinzi, ambaye tunalala chumba kimoja, amezitazama akauliza kama benchi ni la kuku. Kumwomba mama mbao nyingine ni kumpa mlinzi likizo mkononi. Nikakaa kitandani kufikiri. Kumbe jibu nimelikalia! Chaga za kitanda changu ni ndefu kupita kiasi, zimetokeza pande zote mbili, kila asubuhi zinanigonga magoti. Nimepima. Shubiri nane, za kwangu.

Alhamisi, 6 Machi
Chaga ziko kwenye benchi, mbao mpya ziko kitandani. Mlinzi akaniambia, ndugu yangu, zimwagie kwanza maji ya moto. Wivu tu. Nimepiga misumari, nimepaka rangi ya kijani juu. Chini nani anaangalia?

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala kama mfalme. Sikujikuna hata mara moja. Nadhani hali ya hewa imebadilika. Mama kalisifu benchi. Nimefunga begi.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi kafika. Mtu mnene, mpole. Akakaa, akasifu rangi. Nilikuwa namwagilia maua hapo karibu, ili nionekane. Akasogea kidogo. Akasogea tena. Akajikuna paja, kisha kiuno, mwishowe akamwita mama.
"Mwanangu, benchi lako linauma."
Mama akainama kuchungulia. Chini ya vibao, ukoo mzima wa kunguni. Akaniuliza mbao zimetoka wapi. Nikasema kwa fundi seremala. Mlinzi akakohoa huko getini. Shangazi akainama naye, akanusa.
"Baba, mbao mpya hainuki usingizi wa mtu."

Jumatatu, 10 Machi
Mlinzi kaondoka asubuhi. Kaazima begi langu, lake limechanika. Nimepiga simu nyumbani, nikasema kazi zimeongezeka. Mtoto akalia.
Mama kasema zamu yangu itafika mlinzi akirudi, mradi benchi liwe na mbao nyingine. Kamtumia fundi salamu, na fundi kajibu kwamba safari hii niende na futi ya kupimia. Ya nini? Mlinzi hayupo wiki mbili, na chaga za kitanda chake ni ndefu kama zilivyokuwa zangu. Nimezikagua kwa juu. Safi kabisa.