Mzee Ahac na Kitabu cha Kileleni

Katika kijiji chote cha Reber hakuna mtu aliyeupanda mlima Kipara mara nyingi kama mzee Ahac Podlipnik, na hakuna mtu aliyeupanda mara chache kama yeye. Ukibisha, bisha, lakini maliza kusikiliza kwanza.

Kwa mdomo alikuwa ameupanda mara ishirini na mbili, na zote wakati wa theluji! Kwa miguu, bado.

"Kiangazi?" alikuwa akisema pale kilabuni, kifua mbele kama jogoo aliyenunuliwa koti. "Kiangazi ni cha ng'ombe na watu wa mjini. Mwanamume hupanda Kipara theluji ikiwa kiunoni na upepo ukimng'oa masharubu! Ukifika juu, hakuna mti, hakuna kichaka, pamenyolewa pakanyoleka. Unatazama kusini, unaiona bahari. Siku ikiwa safi unahesabu hata meli!"

Na watu walimsogezea kiti kilicho karibu na jiko kuliko vyote. Kiti kile hakikaliwi na mwingine. Hata padri akiingia amelowa chapachapa, anaambiwa asubiri.

Sasa sikia ilivyokuwa hasa. Kila mwaka, mwezi wa tatu ukiingia, Ahac alitoka alfajiri na viatu vya theluji vya marehemu babu yake, vile vya mti uliokunjwa na kamba za ngozi, vipana kama nyungo, kila kimoja na mkia wa mti nyuma. Alipanda mpaka nusu ya njia, kwenye kibanda cha Zofka, mama anayewapikia wapanda mlima. Hapo ndipo safari ilipoishia! Bakuli mbili za mchuzi mzito wa shayiri na nyama ya moshi, vikombe vitatu vya pombe kali ya matunda ya msituni, kisha usingizi kando ya jiko mpaka jua liiname. Akishuka, kwenye kona ya mwisho kabla ya kanisa, anasimama, anachota theluji, anajipaka masharubuni. Haya! Shujaa karudi!

Justina mkewe alimpokea mlangoni, akamkalisha, akamkanda miguu kwa mafuta ya nguruwe. Mwaka nenda, mwaka rudi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ahac ilidumu miaka ishirini na miwili, maana kila mwaka aliikatiza nusu.

Basi mwaka huo, kwenye mkutano wa chama cha wapanda mlima, akasimama katibu wao, Metoda Kavčič. Huyu Metoda ni mwanamke asiyecheka na karatasi. Akasoma: chama kimeamua kumvisha mzee Ahac beji ya fedha kwa kuupanda Kipara majira ya baridi ishirini na mawili bila kukosa.

Makofi! Ahac akasimama, akainamisha kichwa kama askofu.

"Beji itavishwa Jumapili," Metoda akaendelea, "kileleni kwenyewe. Tunapanda wote. Na tukifika nitafungua kitabu, niwasomee wanachama jina lake na tarehe zake, moja baada ya nyingine."

Ahac akakaa. Hakungoja makofi ya pili.

Maana kwao kule, juu ya kila mlima lipo sanduku la chuma, na ndani yake daftari na penseli. Anayefika anaandika jina na tarehe. Asiyeandika hakufika. Hata Papa mwenyewe akifika, akala mkate wake akashuka bila kuandika, basi hakufika! Na katika kitabu cha Kipara jina la Ahac Podlipnik lilikuwa limeandikwa mara ngapi? Jibu unalo.

Metoda akilifungua lile sanduku kabla yake, kwaheri beji, kwaheri kiti cha kando ya jiko, kwaheri heshima. Watoto wa shule wangemwimba. Kwa hiyo Ahac alijua jambo moja tu: lazima afike yeye kwanza.

Jumapili asubuhi Justina akawa anamfunga skafu.

"Mume wangu, mbona unatetemeka?"

"Ni furaha."

"Furaha haigonganishi magoti."

Walikuwa kumi na mmoja, Justina naye akiwemo. Kati yao daktari wa meno Lenart, kijana aliyehamia kutoka mji mkuu, hajawahi kukanyaga Kipara. Ahac alikuwa amebeba kamba begani, na tangu kanisani hakumpa pumzi.

"Daktari! Unajua kamba hii ni ya nini? Anayefika kwa mara ya kwanza anainamishwa, anachapwa tatu za matakoni. Ndio ubatizo wetu. Mimi nilibatizwa na marehemu Jernej, nilikaa wiki nzima nimesimama!"

"Nitavumilia, mzee," akajibu Lenart. "Lakini samahani, hivyo viatu vyako, mikia si inakaa nyuma? Yako naiona inatangulia."

Watu wote wakatazama chini. Kweli! Mzee wa majira ishirini na mawili alikuwa amevifunga mbele nyuma! Kwenda kwa Zofka kuna njia iliyokanyagwa na matrekta ya kuvuta magogo, basi siku zote alivibeba mgongoni tu.

"Wewe utajua nini, mtu wa meno?" Ahac akafoka. "Hivi ndivyo wazee walivyovaa! Dubu akifuata nyayo zako, anakwenda ulikotoka!"

"Dubu wamelala mwezi huu," akasema Metoda.

"Ndiyo! Na wakiamka watazikuta!"

Baada ya hapo, hata kwa bunduki asingevigeuza. Mtu akishasema, kasema.

Walipofika kibandani, Zofka alitoka nje na mwiko mkononi, uso unameta.

"Ahac! Umekawia leo! Mchuzi uko tayari, na mto wako nimeuweka kwenye benchi."

"Mto gani?" akauliza Justina.

"Mto wa maji, mke wangu," Ahac akasema haraka. "Uko hapo nyuma, umeganda."

"Wa manyoya ya bata," akasema Zofka. "Wenye foronya ya maua."

Ahac akaona mbingu zinamfungia milango. Ndipo akili ikamjia, kama inavyomjia mbuzi aliye mlangoni mwa bucha. Akainua fimbo juu.

"Mtu asisogee! Mnaona ule mteremko? Theluji ya mwezi wa tatu inaporomoka kwa kikohozi tu! Mimi mwenye uzoefu natangulia kuipima. Ninyi kaeni hapa mnywe chai, mpaka saa nzima ipite."

"Peke yako?" akauliza Justina, na hapo sauti yake ikalegea kidogo.

"Nikifa, mzike na beji."

Akaondoka. Wakamshangilia! Akatembea kishujaa mpaka miti ikamficha, halafu akaanguka.

Akaanguka tena. Viatu vilivyogeuzwa vina tabia zao: mkia unachoma theluji mbele, mwenye mkia anafuata na pua. Alianguka mara kumi na nne kabla ya misonobari kwisha. Mara moja alizama mpaka kwapani, akabaki amekaa kama kizibo kwenye chupa, akiwaza Justina atasema nini. Angevigeuza vile viatu, hakuna aliyekuwa akimwona. Hakuvigeuza! Alikwishasema ni kwa ajili ya dubu.

Juu ya miti mlima ukawa mtupu. Theluji ilikuwa imepigwa na upepo ikawa ngumu kama sakafu ya kanisa. Hapo akajishusha kwenye mikono na magoti, akatambaa, masharubu yakajaa barafu bila msaada wa mtu. Akatambaa, akapumzika, akamkumbuka Metoda, akatambaa. Kisha mkono wake ukapapasa mbele ukakosa mlima. Alikuwa amefika!

Akainuka polepole.

Haki ya Mungu, kulikuwa kuzuri. Vilele juu ya vilele, vyeupe, vimepangana mpaka macho yanakata tamaa, na bonde la Reber chini dogo kama sahani, na moshi wa nyumba zao umesimama wima. Ahac alivua kofia. Kwa nusu dakika nzima hakuwa na uongo hata mmoja kichwani. Miaka ishirini na miwili yote haya yalikuwa hapa, naye amelala kwenye foronya ya maua!

Kisha akatazama kusini kuitafuta bahari aliyoisifia maisha yake yote. Palikuwa na mlima mwingine mbele yake, mkubwa, mnene, umekaa.

"Nani kauweka huu hapa?" akanong'ona.

Lakini saa ilikuwa inakwenda. Sanduku lilikuwa limeganda. Alilipumulia, akalimwagia chai ya moto ya chupa, akalipiga kwa kisigino, likafunguka. Miwani yake ilikuwa imeganda pia. Herufi ndogo za wengine aliziona kama chungu wanaohama. Haidhuru! Nafasi tupu alikuwa anaziona. Akashika penseli.

"Machi 2002. Ahac Podlipnik. Hewa safi." Akafunua. "Machi 2003. Ahac Podlipnik. Theluji kiunoni." Mwingine akauandika kwa mkono wa kushoto, kana kwamba mwaka ule aliumia wa kulia. "2009. Dhoruba. Sikuogopa." "2014. Dhoruba kubwa zaidi. Niliimba." Hapa akajibana juu ya mtu, pale akajipenyeza chini ya mtu, huku pembeni. Penseli ikikatika anaitafuna ncha, ikitokeza anaendelea. Mpaka 2023! Ishirini na mbili kamili, zimetawanyika kitabuni kama mbegu za mkulima mlevi.

Alikuwa ndiyo kwanza amefunga sanduku, wenzake wakatokea.

"Salama!" akawapungia. "Nimeupima wote! Njooni!"

Wakafika wakihema. Kwanza ilikuwa zamu ya Lenart. Aliinama, akachapwa tatu, Ahac mwenyewe ndiye aliyeshika kamba, na ya mwisho aliikoleza kwa sababu ya ile habari ya mikia. Watu wakacheka, daktari naye akacheka, huku anajisugua.

Metoda akavua glavu, akafungua sanduku, akatoa kitabu.

"Machi 2002," akasoma. "Ahac Podlipnik. Hewa safi."

Makofi! Ahac akatazama mbali, kwa unyenyekevu.

"2009. Dhoruba. Sikuogopa."

"Baba!" Justina akajifuta jicho.

"2014. Dhoruba kubwa zaidi. Niliimba." Metoda akakunja uso. Akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Akasoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama:

"Kitabu hiki kipya kimefunguliwa tarehe nane Oktoba mwaka jana, baada ya cha zamani kujaa. Kimeletwa na Metoda Kavčič, katibu."

Hakuna aliyekohoa. Theluji ya mwezi wa tatu, unajua tena.

"Ahac," akasema Metoda, "nilikibeba mwenyewe mgongoni. Kilikuwa kitupu."

"Mzee," akauliza Lenart kwa upole mwingi, "ulikuwa ukija kuandika kabla kitabu hakijazaliwa?"

"Niliandika... nilinakili!" akasema Ahac. "Kutoka kile cha zamani! Kwa ajili ya kumbukumbu!"

"Cha zamani kiko kabatini kwangu," akasema Metoda. "Tukishuka tu ninakifungua."

Ahac akainama kufunga upya kamba za viatu vyake.

Justina ndiye aliyesogea. Uso mwekundu, na si kwa baridi.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "ninakukanda miguu kwa mafuta ya nguruwe! Nachinja, nayeyusha, nakanda! Miguu iliyoshinda jikoni kwa Zofka!"

"Mke wangu, ilikuwa imechoka kweli, ile benchi ni ngumu..."

"Nipe kamba."

"Justina!"

"Si ni mara yako ya kwanza? Inama, mgeni."

Akainama. Mlima mzima ulisikia. Mbili za kwanza zilikuwa za mila. Ya tatu ilikuwa ya nguruwe.

Metoda akairudisha beji mfukoni, akafunga kifungo. Lakini mzee Ahac hakuwa mtu wa kulala chini. Akajinyoosha, akavaa kofia yake, kidevu juu.

"Sawa," akasema. "Nimechapwa. Anayechapwa ndiye aliyefika! Leo nimefika Kipara kwa miguu yangu na magoti yangu, hakuna wa kunikatalia. Andika jina langu, Metoda. La leo. La kweli."

"Hilo ni haki yako," akasema Metoda, akaingiza mkono sandukuni.

Akapapasa. Akapapasa tena. Akatoa kitu kidogo kama jino la panya: mbao tupu, iliyotafunwa, ndani hakuna hata chembe ya risasi ya kuandikia.

Watu kumi na mmoja walipekua mifuko. Ikatoka kalamu moja ya wino ya daktari, imeganda kama msumari. Ikatoka soseji. Hakuna kingine!

"Hata sisi hatuwezi kujiandika," akasema Metoda, na safari hii mdomo wake ulianza kucheza. "Umetumaliza wote, Ahac."

Wakashuka. Jioni walipoingia kilabuni, mwenye kilabu akauliza, kama anavyouliza kila mwaka:

"Ehe, Ahac! Umefika?"

"Nimefika!" Ahac akapaza sauti, macho yamemtoka, maana alikuwa anasema kweli na hakuizoea. "Nimefika mpaka juu kabisa! Bahari haionekani, kuna mlima mbele! Waulizeni hawa, walinikuta huko!"

Watu wote wakamgeukia Metoda.

"Mimi ni katibu," akasema Metoda, akivua buti. "Nasema kilichoandikwa. Leo Kipara haukupandwa na mtu."

"Justina! Mke wangu, sema!"

Justina akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha kando ya jiko, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mafuta yako kabatini," akasema. "Anza na wa kushoto."

Ahac akamgeukia Lenart, mikono imefumbatwa kama mtu anayesali.

"Daktari! Wewe ni msomi! Ulikuwepo, ulikuwa mbele yangu kabisa! Waambie uliniona!"

Lenart akajisugua taratibu, akakaa kwa upande mmoja.

"Ningependa kukusaidia, mzee," akasema. "Lakini ulipokuwa nyuma yangu, mimi nilikuwa nimeinama."