Jibu Moja kwa Darasa Zima

Jumatatu, 5 Machi 1979
Mama Truphena, msimamizi wa ukumbi wetu hapa mtaani Jericho, ametoa hukumu. Madarasa ya Kiingereza ni mawili, nafasi ni moja. Kiwanda kimoja cha eneo la Baba Dogo kinatafuta mpokea simu. Mwalimu ambaye mwanafunzi wake ataajiriwa atabaki na ukumbi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mpinzani wangu, Opiyo, ni karani wa reli anayefundisha huku akicheka. Nimeshashinda.

Jumatano, 7 Machi
Opiyo anawafundisha watu kuzungumza tu. Upuuzi! Mimi nawapa nahau. Mwingereza hasemi mvua ni kubwa. Husema inanyesha paka na mbwa. Hasemi kazi ni rahisi. Husema ni kipande cha keki. Nimezisuka katika jibu moja la mahojiano, darasa likalikariri kwa pamoja mpaka madirisha yakatetemeka. Mwanafunzi wangu Wayua aliomba kujibu kwa maneno yake mwenyewe. Nilimkataza. Anaihitaji mno kazi hii: baba yake mchonga vinyago haoni tena vizuri.

Alhamisi, 8 Machi
Nilikwenda kulipeleleza darasa la Opiyo. Nilipanda ndoo chini ya dirisha. Ndoo ikapinduka. Opiyo akatoka, akanipangusa vumbi. “Mwalimu Nyamai, mlango uko upande huu.” Akaniketisha kwenye kiti cha mbele. Fedheha! Chai ilikuwa nzuri. Nyuma aliketi binti aliyejifunika leso usoni. Mafua, bila shaka.

Ijumaa, 9 Machi
Mahojiano. Naandika kama Wayua alivyonisimulia. Kiilu wa darasa langu aliingia kwanza, wenzake wakisikiliza mlangoni. Alipoulizwa kwa nini anaitaka kazi, alisema hata inyeshe paka na mbwa atafika, maana kazi hiyo kwake ni kipande cha keki. Nje jua lilikuwa linachoma. Meneja akafurahi. Nyongesa akajibu vivyo hivyo. Ndanu naye. Ngui pia. Wayua alipofungua kinywa, meneja akammalizia jibu lote, paka, mbwa na keki. Wayua akashikwa na kicheko.

“Bwana, mwalimu wetu ni mmoja, na ni mkali. Mimi naitaka kazi kwa sababu baba yangu haoni tena vizuri, na kuzungumza na watu naweza.”

Meneja alicheka mpaka akatoa kitambaa. Akamwajiri.

Jumamosi, 10 Machi
Nilikwenda kudai ukumbi wangu. Nikamkuta Wayua kwa Mama Truphena, leso mkononi, akikiri kwamba alikuwa akihudhuria kwa Opiyo pia, na kwamba huko ndiko alikojifunza kujibu. Aliniomba radhi akipiga magoti. Nilimsamehe, mafua humchanganya mtu. Ukumbi amepewa Opiyo.

Jumapili, 11 Machi
Nimetafakari kanisani. Kosa nimeliona: jibu lilikuwa fupi. Wiki ijayo kiwanda kile kinatafuta madereva. Nimeongeza nahau nyingine, jibu sasa linajaza ukurasa. Watalikariri kwa pamoja sebuleni kwangu. Opiyo amekubali kuniazima viti.