Mto Uliofutwa Jumanne

Kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye, Abdiel mwenyewe hakatai. Anachoomba ni kitu kimoja tu: ieleweke kwamba alikuwa mjinga kwa kufuata utaratibu.

Tangazo lilibandikwa kwenye kila mti uliosimama wima kuanzia Tengeru kupanda mlimani. "UMMA UNATANGAZIWA kwamba, kufuatia ukaguzi wa kitaalamu, Mto Sangaro umefutwa kwenye Rejista ya Mito. Kuanzia leo mto huo haupo. Wananchi mnaombwa kutoa ushirikiano."

Ukaguzi wenyewe ulikwenda hivi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kimeruhusiwa, ila kila ruhusa ilikuwa na fomu yake. Abdiel alikuwa Afisa Vibali vya Maji Daraja la Tatu. Gari la idara, Landrova lenye kikohozi cha mzee, lilipewa petroli ya vijijini Jumanne tu. Basi Jumanne moja ya kiangazi akafika kwa Mama Ndeshi, mjane aliyekuwa ameomba kibali cha kumwagilia nusu eka yake ya kabichi na karoti kandokando ya mto. Nusu eka hiyo ndiyo iliyokuwa mume wake, pensheni yake na bati la nyumba yake.

Wakateremka mtoni. Mtoni kulikuwa na mawe, mchanga, na kondoo mmoja amelala.

"Maji yako wapi, mama?"

"Yako juu, mwanangu. Leo zamu ya kijiji cha juu. Wameuziba mto kwa migomba na udongo, maji yote yameingia kwenye mfereji wao. Kesho ni zamu yetu. Njoo kesho uyaone."

"Serikali haina petroli ya kesho."

"Basi lala. Ndizi zipo."

"Fomu haina nafasi ya kulala, mama."

Na kweli haikuwa nayo. Fomu Namba Saba iliuliza: Je, maji yapo? Ndiyo au Hapana. Abdiel akavikagua viatu vyake. Vikavu. Akaandika Hapana, akapiga mstari chini yake kwa rula. Na huyu, jamani, ni mtoto wa Machame, mfereji umepita nyuma ya jiko la mama yake, na fimbo ya kuiba zamu ya jirani ameionja kabla hajaota meno ya pili. Lakini elimu ikikuingia sawasawa, huyatoa nje hata uliyokuwa ukiyajua.

Ofisini, Mkuu wa Idara, Bwana Solomoni wa Njiro, aliisoma ile Hapana kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Wiki haikuisha, waraka ukatoka. Kwanza, mto umefutwa. Pili, ulipokuwa mto sasa ni Ardhi Iliyokombolewa, na itakatwa viwanja kwa wawekezaji, pamoja na kingo zake. Kiwanja Namba Moja, chenye bustani ya Mama Ndeshi ndani yake, anapewa Bwana Solomoni ili wawekezaji wasiogope. Bwana Solomoni alikipokea kwa moyo mzito, moyo uliokuwa tayari na ramani ya ghorofa moja. Tatu, mifereji yote ya mto huo ifungwe mara moja, kwa sababu mto usiokuwepo hauwezi kuwa na mifereji.

Mama Ndeshi akaja mjini, akakaa kwenye benchi la ofisi ya Abdiel tangu asubuhi hadi akaitwa.

"Mwanangu, na bustani yangu?"

"Imeingia kwenye mchakato, mama."

"Huo mchakato unamwagiliwa na nani?"

Abdiel alimsogezea waraka. Mama Ndeshi akauchukua, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu.

"Hapa kwenye agizo la tatu. Mifereji yote? Hata ule wa juu?"

"Yote."

"Tusipofunga?"

"Mtashtakiwa."

"Hee! Sisi si watu wa kesi. Nipe nakala yenye muhuri nimpelekee Anande, ndiye mwenyekiti wa mfereji wa juu. Na hilo jiwe la msingi la mkubwa wako linawekwa lini?"

"Jumanne ijayo, saa nne."

"Mungu akubariki."

Abdiel aliandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameanza kuelimika.

Jumanne ikafika. Turubai lilisimamishwa katikati ya mchanga, viti vya kukodi vikapangwa, mbuzi akawekwa motoni. Bwana Solomoni alipanda juu ya jiwe la msingi, suti ya kijivu, viatu vya Nairobi, akafungua hotuba.

"Ndugu wageni, wapo waliosema hapa pana mto. Nawauliza leo, uko wapi?"

Ukaja.

Haukuja kwa hasira. Ulikuja taratibu kama mgeni aliyealikwa, ukawasalimu watu wa mstari wa mbele viatuni, ukamzima mbuzi, ukaondoka na viti viwili viwili. Wageni walipanda ukingoni bila kusubiri neno la shukrani. Landrova lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Bwana Solomoni akabaki juu ya jiwe, maji ya magoti yakimzunguka pande zote, naye hataki kuvilowesha viatu vya Nairobi.

"Abdiel! Uondoe mto huu!"

Abdiel alikuwa keshapanda ukingoni, faili kichwani. "Mkuu, hatuna mamlaka juu ya mto usio kwenye rejista."

Ukingoni akasimama Mama Ndeshi, jembe begani, watu wa vijiji vyote viwili nyuma yake, Anande akiwa na waraka mkononi kama shemasi mwenye kitabu cha nyimbo.

"Mmenifungulia mto!" alifoka Bwana Solomoni.

"Tumefunga mfereji, baba," alisema Anande. "La tatu hili hapa. Tumeng'oa migomba yote. Maji yalikokwenda baadaye, waraka haukutuambia."

"Nitawashtaki!"

"Kwa mto upi?" aliuliza Mama Ndeshi.

Hapo ndipo Machame ilipomrudia Abdiel. Alivua viatu, akaingia majini, akamwambia mkuu kwamba mto ukirudi kwenye rejista ataweza kuuamrisha, akainama mbele ya jiwe. Juu ya mgongo wake Bwana Solomoni alitia saini karatasi tatu, kalamu ikichuruzika: mto umerudishwa kwenye rejista, viwanja vimefutwa, Mama Ndeshi amepewa kibali cha kumwagilia nusu eka.

"Haya, mto upo!" alisema Bwana Solomoni. "Sasa rudisheni maji kwenye mfereji wenu, nishuke!"

Mama Ndeshi alizipokea karatasi, akazipuliza zikauke, akazitia kifuani.

"Kuziba mto ni kazi ya nusu siku, baba, na watu wameshang'oa migomba tangu alfajiri, wamechoka. Kesho asubuhi."

"Kesho? Kesho sina gari! Sina hata petroli!"

"Basi njoo Jumanne ijayo," alisema Mama Ndeshi, akiliweka jembe begani upande wa pili. "Mto utaukuta. Umeuandikisha mwenyewe."