Utafiti Wangu wa Masaki

Jumatatu, 5 Mei
Mbwawa, Kibaha. Raudha bado yuko kijijini Masaki kwa mama yake. Mama mkwe aliteleza uani akavunjika mguu, na wa kumwogesha ni binti yake. Sawa. Mimi Hashiru ni mtu mzima, mwalimu wa uraia, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa kwa njia ya mtandao. Sihitaji kupikiwa. Leo nimekula mkate na chai tena, nikitazamana na kiti chake.

Nimepata wazo. Tasnifu yangu haikuwa na mada. Sasa inayo: ushiriki wa wanawake katika mikutano ya kijiji, Masaki, Kisarawe. Chuo chenyewe kitanituma kwa mke wangu! Hakuna atakayesema nimemfuata.

Jumatano, 7 Mei
Kikao cha video na msimamizi wangu, Dk. Eugenia. Mtandao ulinigandisha nikiwa mdomo wazi. Uliporudi, akauliza kwa nini Masaki na si Mbwawa ninapoishi. Nikasema Masaki ina mambo yake. Akauliza mambo gani. Nikasema mihogo na korosho. Akaniomba nirudie, akidhani mtandao umekatika tena. Hatimaye akaniambia niende nikayajaribu maswali yangu, huenda tatizo la utafiti likajitokeza huko. Mama mwema.

Kwa furaha nikaitangaza safari kwenye kundi letu la WhatsApp. Kosa. Magembe, mwanafunzi mwenzangu, mfugaji wa Dutumi anayesoma kila kitabu mpaka orodha ya marejeo, akajibu hapo hapo. Ana pikipiki. Atanipeleka, naye ajifunze kuhoji. Kabla sijapata kisingizio, kundi zima lilikwisha kumpongeza.

Jumamosi, 10 Mei
Mvua, tope tupu. Pikipiki ilituangusha. Nilifika Masaki na tope hadi kwenye kola. Magembe msafi, sijui alifanyaje. Mama mkwe alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akamtazama Magembe, akauliza kama ameoa.

Raudha akatoka jikoni. Amekonda. Njia nzima nilikuwa nikipanga la kumwambia. Nikasema nimekuja kikazi. Akasema karibu, akarudi jikoni.

Nikaanza na mama mkwe. Nilimuuliza kama huhudhuria mikutano, akaanza kunijibu tangu alipokuwa msichana. Majirani wakasikia kuna mtafiti, wakaja na vigoda vyao. Wote wanataka kuhojiwa, na wote kuhusu kisima kipya: kichimbwe upande wa msikiti au upande wa mikorosho? Wakagawanyika, wakagombana, wakanitaka niamue. Kila nilipoinua kichwa, nilimwona Magembe akimpasulia Raudha kuni, na Raudha anacheka.

Wakati wa kurudi nilimuuliza Magembe walikuwa wakicheka nini. Akasema walikuwa wakinizungumzia mimi. Sikumsemesha tena hadi Kibaha.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekwenda peke yangu, kwa bodaboda. Mhojiwa wa leo: Raudha. Nikamketisha barazani, nikasafisha koo. Nikamuuliza nani huamua kama aende mkutanoni. Akasema yeye mwenyewe. Nikamuuliza kama kuna kinachomkera anapokuwa mbali na makazi yake ya kudumu. Akauliza kama hilo nalo ni la mikutano. Nikasema ni la utangulizi. Akaweka kisu cha mihogo chini.

"Hashiru, ungesema tu umenikumbuka."

Mama mkwe akadakia kutoka chumbani: "Na wewe mwambie. Kutwa unaniuliza mimi kama amekula. Mimi nitajuaje?"

Raudha akainama. Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, nikasema tu jibu limepokelewa. Lakini nikachukua kisu kingine, tukamenya mihogo pamoja, bega kwa bega, mpaka sufuria ikajaa. Baada ya hapo niliandika neno moja tu: mihogo. Sidhani kama nimewahi kuwa na siku nzuri hivyo tangu nijiunge na chuo.

Jumanne, 20 Mei
Dk. Eugenia amesoma mahojiano. Amesema ugomvi wa kisima ndio siasa yenyewe, tasnifu ianzie hapo. Ila yeye hajamwelewa mhojiwa wa mwisho, hasa kwa nini majibu yake yanaishia kwenye mihogo. Nimeahidi kurekebisha.

Mchana Raudha akapiga. Mama sasa anatembea kwa mkongojo, na amekubali kuja kupona huku kwetu. Wanakuja wote Ijumaa. Simu ikakatika kabla sijajibu. Nikajiapiza kwamba safari hii nitasema wazi, kama mwanamume. Nikaandika: nimefurahi mno, nyumba haikaliki bila wewe. Nikaisoma. Nikaifuta. Nikaandika: mhojiwa unaombwa kufika mapema, kuna maswali ya nyongeza. Nikatuma.

Kesho naanza kufagia nyumba nzima. Magembe akiuliza, nitasema naandaa eneo la utafiti.