Neva Yangu Imewekwa Mbele ya Ateri

Kwa Daktari wa Upasuaji wa Mikono

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa fundi cherehani uliyemshona kidole cha shahada baada ya kujikata kwa mkasi. Kwa mshono wako sina neno. Umenyooka kuliko mishono ninayoshona mimi. Malalamiko yangu ni juu ya kazi uliyoikuta ndani.

1. Ulinichorea mwenyewe. Kwenye kiganja, ateri inayopeleka damu hupita juu, karibu na ngozi, na neva, yaani mshipa wa fahamu, iko chini yake. Zikifika kidoleni zinabadilishana: neva mbele, ateri nyuma. Daktari, mimi nikiweka bitana ndani ya koti halafu nikaitoa nje kwenye mikono, mteja atanitupia koti usoni, na atakuwa na haki.

2. Kwa mpangilio huo, mkasi ulikata neva kwanza ndipo ukaifikia ateri. Damu uliizuia, nakushukuru. Neva uliiunga, lakini ncha ya kidole bado imekufa ganzi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu hata chawa mwenyewe hakimsikii.

3. Mimi huutambua uso wa kitambaa kwa kupapasa. Matokeo yake, gauni la harusi la binti wa wifi yangu nimelishona ndani nje. Wifi hanisemeshi. Mume wangu anauliza macho niliwekewa ya nini. Bila kidole hiki mimi si fundi tena, ni mtu aliyekaa tu mbele ya cherehani, na hilo linanitisha sana.

4. Kwa hiyo naomba unifungue tena, neva uirudishe nyuma ya ateri, vidole vyote kumi. Ukimaliza, mume wangu naye. Kisha watoto wachanga warekebishwe kabla ya kutoka wodi ya wazazi, ili nchi nzima iwe na mshono mmoja.

Nikiamini kwamba fundi hamwangushi fundi mwenzake, nabaki mgonjwa wako mtiifu. Nisalimie nesi aliyenishika bega, mlinzi wa getini na mama aliyekuzaa.

Fundi wa Magauni

Tanbihi: Nilipokuwa naibana barua hii, pini imenichoma kidole kile kile, nami nimesikia. Maumivu yenyewe ni madogo, ila nimelia mpaka mume wangu akaja mbio. Tafadhali Daktari, neva usiiguse. Ingekuwa nyuma ya ateri, pini isingeifikia.